Gurudumu la Pikapu Likilia: Jiulize Linalia Lini Kabla ya Kununua Spea

Ukifika gereji ukasema gurudumu linalia, fundi atakuuliza ni lipi. Kabla hujamjibu, jiulize linalia lini. Likiwa kwenye mwendo gani, ukikanyaga breki au ukiachia, ukikata kona ya upande upi, asubuhi au baada ya mteremko, gari likiwa tupu au limebeba. Sauti yenyewe ni mdanganyifu. Chuma cha chasi huibeba kutoka nyuma kikaileta mbele, na kwenye pikapu kuukuu ambayo bodi nzima inacheza, mluzi wa gurudumu la nyuma kulia unaweza kuusikia chini ya miguu yako, kama jino bovu linavyoumiza sikio. Wakati wa kulia ndio unaosema zaidi, na kuuchunguza hakuli hata shilingi.

Mimi naendesha Hilux ya zamani ya dizeli, breki za diski mbele (sahani ya chuma inayobanwa na pedi), za drami nyuma (ngoma ya chuma inayosukumwa kwa ndani na shu), springi za mabamba. Naishi Tororo, mashariki mwa Uganda, na kazi ya gari ni kupandisha bidhaa za duka hadi Kapchorwa kule mlimani na kushuka na viazi na kabichi mpaka Mbale, mara nyingine mpaka Malaba, mpakani na Kenya. Pikapu za namna hii bado ni nyingi Uganda na hazitaondoka kesho, hasa tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Mwenye ya zamani ambayo chasi yake bado nzima anaitunza. Ninayoandika hapa ni ya gari zenye umbo hilo. Gari dogo la kuvuta mbele lina mambo yake mengine.

Niseme mapema kinachonikera. Ugonjwa unaouzwa sana kwenye gereji zetu ni beringi. Gari likilia, "boss, hiyo ni beringi tu", na kabla hujamaliza chai habu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, iko chini. Gari langu liliwahi kubadilishwa beringi ya mbele kushoto, nikalipa, nikaondoka, na sauti ikaondoka na mimi. Kilichokuwa kinalia ni kipande cha changarawe. Nitakifikia.

Kwanza hakikisha ni gurudumu

Simamisha gari, injini ikiwaka, vuta hendibreki, kanyaga mafuta kidogo. Ikilia, achana na magurudumu, hiyo ni feni belti au kitu kinachozungushwa nayo. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho wake, kushoto na kulia, gari likiwa limesimama. Wengi husema "gurudumu linalia nikikata kona", kumbe ni belti ya pawa steringi inayoteleza usukani unapofika mwisho. Belti hiyo hukazwa au kubadilishwa, kazi ya muda mfupi.

Kama inalia ukipita kwenye tuta au shimo tu, na barabara ikinyooka inanyamaza, nenda kaangalie bushi za springi na shokabsoba. Chochote kinacholalamika kwa kupanda na kushuka si cha gurudumu linalozunguka.

Baada ya hapo tafuta mahali tambarare, patulivu, pasipo na watoto. Endesha kilomita 10 kwa saa, kioo kimeshushwa, redio imezimwa. Ukipata ukuta mrefu kando ya barabara ni bora zaidi, kwa sababu ukuta unairudisha sauti sikioni. Sisi wa huku tuna foleni za malori pale Malaba. Ukipita polepole sambamba na matrela yaliyosimama, upande unaolia utaujua bila kubahatisha. Pita upande mmoja, geuza, rudi upande wa pili.

Sasa sikiliza mdundo. Tairi la pikapu la kawaida huenda zaidi kidogo ya mita mbili kwa mzunguko mmoja. Kwa kilomita 10 kwa saa, gurudumu linazunguka mara moja na kidogo kila sekunde. Ukisikia "chwii... chwii... chwii" unayoweza kuihesabu bila haraka, kitu kinagusa mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Lakini propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma, inazunguka kama mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwa sababu difu, zile gia za katikati ya ekseli, ndiyo inayopunguza kasi. Kwa hiyo mlio wa haraka, "chwichwichwichwi", kama ndege waliobanana kwenye tundu, usioweza kuuhesabu hata kwa mwendo wa polepole, nenda chini ya gari uangalie krosi za propela, yaani viungo vya kwenye ncha zake.

Krosi iliyokauka grisi imewatia watu wengi hasara, maana sauti yake ni nyembamba na inasikika kabisa kama ya gurudumu la nyuma. Ukiwa na bahati, krosi zako zina nipeli za kupigia grisi. Piga mpaka grisi mpya ichungulie pembe zote nne. Mlio ukipotea siku mbili tatu kisha ukarudi, beringi zake ndogo za ndani zimeshalika, badilisha krosi. Dalili nyingine ni kutu nyekundu kama unga mkavu kwenye kofia zake. Usiiache, kwani krosi ikikatika njiani propela inaanguka na kuanza kupiga kila kilicho karibu.

Na tafadhali, mtu wa kukusaidia kusikiliza atembee kando ya gari. Nimeona vijana wakining'inia nyuma kwenye karia, kichwa kimeelekezwa kwenye tairi, gari linakwenda.

Mguu kwenye breki

Jaribio la pili ndilo linalotenganisha mambo zaidi. Gari likiwa linalia, gusa breki kidogo sana, usikaze. Mlio ukikatika au ukibadilika, kitu kiko kwenye breki. Ukiendelea vilevile kana kwamba hukugusa kitu, breki yenyewe huenda haina hatia.

Pedi nyingi za diski zina kibati kidogo cha chuma kilichopinda. Kimewekwa kwa makusudi. Pedi ikibaki milimita mbili au tatu hivi, kibati kinagusa diski na kupiga mluzi mwembamba unaokera, na mara nyingi ukikanyaga breki unakatika. Huo si ubovu, ni taarifa, na ukiupuuza hatua inayofuata ni chuma kukwaruza chuma. Hapo sauti huacha kuwa mluzi ikawa kusaga, na unayemlipa tena si muuza pedi peke yake bali muuza diski pia. Jihadhari na jambo moja: pedi nyingi za bei rahisi hazina kibati hicho kabisa. Ukizinunua umenunua ukimya, na utajua zimeisha siku zinaposaga. Kwa hiyo kila tairi linapotolewa, hata kwa pancha, angalia unene.

Uangalie pande zote mbili za diski. Pedi ya ndani inaweza kuwa imeisha huku ya nje ikikuchekea kupitia matundu ya rimu. Tofauti kubwa kati ya ya ndani na ya nje maana yake kalipa, ile koleo inayobana pedi kwenye diski, imekwama, ama pistoni ama pini zake za kuteleza kwenye zile kalipa zenye pini. Kubadilisha pedi bila kuikwamua kalipa ni kununua pedi nyingine mapema.

Sasa kile kipande cha changarawe. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi na maji. Kati ya bati na diski kuna nafasi ndogo, na kwenye barabara za maramu kijiwe kikirushwa kikaingia humo, kinanasa. Mlio wake unatisha: mkali, wa chuma, unaweza kuanza ghafla katikati ya safari na kumgeuza kila mtu sokoni akutazame. Watu hudhani gurudumu linang'oka. Dalili zake ni hizi: ulianza ghafla wakati jana kulikuwa kimya, unabadilika ukikata kona, na ukirudi nyuma kwa gari mita chache mara nyingine unakatika kwa sababu kijiwe kimeanguka. Jaribu hilo la kurudi nyuma kabla ya lolote. Lisiposaidia, toa tairi, ingiza bisibisi ndefu, lisukume bati taratibu, kijiwe kitadondoka. Bati lenyewe pia hupinda, hasa baada ya fundi kulishika kama mpini wakati wa kazi nyingine, likawa linalamba diski. Linanyooshwa kwa mkono. Kama limeliwa na kutu mpaka linaning'inia, litolewe au libadilishwe, lakini kulitoa moja kwa moja nakushauri usifanye kama unapita matope.

Mlio wa asubuhi baada ya mvua ya usiku au baada ya kuosha gari, unaopotea ukifunga breki mara chache, ni kutu nyepesi juu ya diski. Endelea na safari.

Drami za nyuma zinahitaji subira. Zinakusanya vumbi na kulihifadhi, na vumbi la Karamoja au la barabara yoyote ya maramu linakuwa msasa humo ndani. Mlio wa drami huwa mzito kidogo kuliko wa diski, na mara nyingi husikika gari likikaribia kusimama. Fungua, angalia breki shu zimebaki kiasi gani, springi zake kama zimechoka, na zile sehemu ndogo za bamba la nyuma ambazo shu huegemea na kuteleza juu yake. Zikikauka zinalia kila mguu unapogusa breki. Tone la grisi ya joto kali kwenye sehemu hizo, dogo kabisa, linatosha. Ukikuta umajimaji mweusi wenye harufu ya oili ya difu, oili sili ya ekseli imekufa na shu zimelowa. Shu zilizolowa oili hazioshwi zikarudishwa, hata fundi akikuapia.

Kitu ambacho hakisemwi sana: Hilux nyingi za zamani zina vali karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa mkono wa chuma, kazi yake kupima gari limebeba kiasi gani. Gari likikaa chini kwa mzigo, vali inapeleka nguvu zaidi breki za nyuma. Likiwa limenyanyuka, inapunguza. Sisi tunaongeza mabamba ya springi ili tubebe viazi zaidi. Nyuma inanyanyuka, vali inadhani gari ni tupu hata likiwa na magunia, na kazi yote ya kusimamisha inaangukia mbele. Ndipo pedi za mbele zinaisha upesi, zinapata moto, zinang'aa kama kioo na kuanza kulia. Ukiongeza springi, mwambie fundi arekebishe huo mkono. Asiyejua unachozungumzia, tafuta mwingine.

Joto ni somo la barabara ya Kapchorwa. Ukishuka kutoka Sipi kuelekea Muyembe ukiwa na mzigo na mguu umekaa kwenye breki muda wote, uso wa pedi unaungua na kuwa mgumu. Pedi bado ni nene, lakini zinalia na hazishiki vizuri. Shuka na gia uliyopandia nayo au ya chini zaidi, kanyaga breki kwa nguvu kidogo kisha achia zipoe, usiziburuze. Pedi zilizong'aa kidogo huwa zinasuguliwa kwa msasa. Zilizopasuka au kubadilika rangi ni za kutupa.

Mkono karibu na rimu

Endesha kilomita kadhaa bila kufunga breki sana, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Usishike, unaweza kuungua. Linganisha kushoto na kulia kwa ekseli ileile. Moja ikiwa moto na mwenzake baridi, kuna breki inayoburuza au beringi inayoungua.

Kwa breki inayoburuza, inua gurudumu hilo kwa jeki mahali pagumu, magurudumu mengine yakiwa yamewekewa vigingi na chasi imekaa juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kuaminiwa na miguu yako, na matofali hupasuka. Mtu akanyage breki na kuachia, nawe ujaribu kulizungusha gurudumu. Likigoma, fungua kidogo nipeli ya kutolea hewa ya breki hiyo. Gurudumu likiachia papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa njiani, na mara nyingi mhalifu ni bomba la mpira la breki lililovimba ndani. Kwa nje linaonekana zima. Kwa gari la umri huu, bomba la mpira ambalo halijawahi kubadilishwa ni la kubadilishwa bila mjadala, na kushoto na kulia kwa pamoja. Lakini kama umefungua nipeli na bado limeng'ang'ania, kosa liko kwenye kalipa.

Beringi yenyewe

Beringi mbovu kwa kawaida haianzi kwa mluzi. Huanza kwa kuvuma, sauti nene inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, mpaka unadhani ni matairi ya matope. Ikifika kulia kwa ukali imeshafika mbali. Kuitambua, ukiwa kwenye barabara pana isiyo na magari, mwendo wa wastani, sogeza usukani taratibu kulia kisha kushoto. Ukielekea kulia uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukiongezeka hapo, shuku kushoto. Ukiongezeka unapoelekea kushoto, shuku kulia.

Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boli joint au kingipini, viungo vya juu na chini ambavyo gurudumu hugeukia. Lishike pia kushoto na kulia; mchezo wa upande huo tu mara nyingi ni tairodi, fimbo ya steringi inayogeuza gurudumu. Mwisho lizungushe kwa mkono huku mkono mwingine umegusa springi: beringi iliyoharibika utaisikia kwenye vidole kama mchanga.

Za mbele kwenye pikapu hizi hukazwa kwa nati, na hapo ndipo zinapouawa. Zikilegea zinacheza, zikikazwa kupita kiasi zinaungua. Gurudumu linapaswa kuzunguka kwa wepesi bila kucheza. Kama grisi imekuwa nyeusi au imeingia maji lakini vyuma ni laini na vinang'aa, zioshe, zikauke, ujaze grisi ya beringi upya kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, na uweke sili mpya. Si lazima kununua. Ukiona vishimo, mikwaruzo au rangi ya bluu ya kuungua, nunua, pamoja na kikombe chake cha nje. Beringi mpya kwenye kikombe cha zamani haidumu. Za nyuma zimeshindiliwa kwenye ekseli na zinahitaji mashine ya kushindilia. Anayetaka kuing'oa kwa nyundo na tindo, mshukuru na uondoke.

Kununua na kufunga

Kampala wengi hukimbilia soko la Kisekka kwa spea, na huku kwetu kuna maduka Mbale na hapo mpakani. Boksi lenye maandishi ya Toyota si ushahidi wa chochote. Beba ile ya zamani mkononi, linganisha namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe, izungushe, sikiliza. Pedi ziulizie kama zina kile kibati cha kupiga mluzi. Mimi kati ya spea mpya isiyoeleweka na beringi iliyotumika ya kampuni inayojulikana, nachukua ya pili, ila pedi na shu sinunui zilizotumika hata siku moja.

Diski au drami yenye mifereji inaweza kukerezwa, lakini ina kikomo. Mara nyingi kipimo kimechongwa juu yake, unene wa chini kabisa kwa diski na kipenyo cha juu kabisa kwa drami. Mwambie mkerezaji akipime kwanza, si baada ya kumaliza.

Usiruhusu mtu apulize vumbi la breki kwa kompresa. Pedi na shu za zamani, na baadhi ya za bei rahisi, huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Wala usikubali ile dawa ya mtaani ya kumwagia breki oili au dizeli zinyamaze. Zitanyamaza, na hazitashika. Grisi ya breki hupakwa nyuma ya pedi kwenye chuma na kwenye masikio yanayoteleza, kidogo tu, kamwe si kwenye uso unaogusa diski.

Pedi mpya zinaweza kulia kidogo mwanzoni mpaka zizoeane na diski. Zizoeze kwenye tambarare ya Tororo kwenda Mbale, si kwa mara ya kwanza kwenye mteremko wa Sipi: punguza mwendo kutoka kama 50 hadi 15 mara kadhaa bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe katikati. Ukishafika kilomita 50 au 100 tangu tairi kufungwa, simama ukaze nati zote tena, kwa mpangilio wa kuvuka upande hadi upande, magurudumu yakiwa chini. Kwa hiyo spana ya magurudumu ikae nyuma ya kiti, isizikwe chini ya magunia ya viazi.